Muziki Shambani, Gari Limezimwa: Namna ya Kusikiliza Redio Bila Kuua Betri

Wiki hii siongelei kantangaze wala mbolea ya kukuzia. Naongelea redio ya gari. Najua kuna atakayeuliza redio na kilimo vinakutana wapi. Subiri kidogo, nikusimulie ilivyopotea hela ya matenga nane ya nyanya.

Msimu uliopita nilikuwa pale Ilula, shambani kwa kijana mmoja ninayemtembelea mara kwa mara. Ana ekari mbili za nyanya, ana kirikuu yake mwenyewe, na siku za kuvuna anaita vibarua sita. Huwa anaingiza gari mpaka pembeni ya shamba, anafungua milango yote miwili, anaweka muziki. Watu wanachuma huku wanaimba. Mimi sikuona ubaya. Kazi ya kuinama kutwa nzima inataka kitu cha kuchangamsha, na kibarua aliyechangamka hachoki mapema.

Gari liliingia shambani saa tano asubuhi. Ilipofika saa kumi jioni, matenga manane ya mwisho yalikuwa yamepangwa na kufungwa kamba. Fuso la kwenda Dar lilikuwa linaondoka kituo cha kukusanyia saa kumi na mbili. Kutoka shambani hadi kituoni ni kama nusu saa, kwa hiyo muda ulikuwepo wa kutosha. Kijana akaingia, akazungusha ufunguo. Tik, tik, tik. Kisha kimya.

"Bwana shamba, gari imegoma."

Tukasukuma. Udongo umelimwa, gari lina mzigo, matairi yanazama. Ikabidi tushushe matenga yote, tusukume gari tupu mpaka kwenye njia ngumu, liwake, kisha turudie kupakia. Tulipofika kituoni ilikuwa saa moja kasoro na Fuso lilishaondoka. Zile nyanya zilikuwa zimeiva vizuri, yaani za kuuzwa kesho yake asubuhi na siyo kesho kutwa. Zikalala. Kesho yake akamuuzia mlanguzi wa palepale kwa bei aliyoipanga mlanguzi, na matenga mawili ya chini yalishaanza kuchuruza.

Jioni ile kijana aliapa hataweka tena muziki shambani. Nikamwambia hapana, tukae kwanza tupige hesabu. Tulipomaliza tukagundua jambo ambalo ndiyo sababu ya makala hii: muziki peke yake usingeua betri ile. Vilivyoiua ni vitu vingine vilivyokuwa vinakula pamoja na muziki bila mtu kuviona.

Betri ya gari imetengenezwa kwa kazi gani

Betri ya kuwashia gari ina kazi moja kubwa: kusukuma umeme mwingi sana kwa sekunde chache ili stata izungushe injini. Kwa gari dogo la petroli stata inaweza kuvuta ampea 100 hadi 200. Pikapu ya dizeli huvuta zaidi ya hapo. Injini ikishawaka, alternata inachukua kazi: inaendesha taa, redio na kila kitu, na wakati huohuo inairudishia betri ulichotumia.

Sasa fikiria simtanki lako la umwagiliaji wa matone. Tenki likiwa limejaa, maji yanafika mpaka mwisho wa laini. Likishuka sana, maji bado yamo ndani, ukichungulia unayaona, lakini presha haipo na mimea ya mwisho haipati kitu. Betri nayo iko hivyo. Redio itaendelea kuimba na taa ya ndani itaendelea kuwaka, kwa sababu vyenyewe vinahitaji umeme kidogo tu. Ila stata inataka umeme mwingi kwa mpigo, na presha hiyo haipo tena. Ndiyo maana watu hushangaa: "Mbona redio inaimba vizuri, gari haiwaki?"

Kuna hasara ya pili, inayokuja polepole. Wenye pampu za mgongoni za betri mnaijua. Ukiitumia pampu mpaka ikafa kabisa, halafu ukaiweka stoo wiki mbili bila kuichaji, ukirudi haishiki chaji kama zamani. Betri ya risasi na asidi ikikaa bila chaji, ndani yake hujengeka chumvi ngumu nyeupe kwenye pleti, na sehemu hiyo haifanyi kazi tena. Betri ya kuwashia ina pleti nyembamba, kwa hiyo inaumia haraka zaidi ya betri ya sola. Ukiiua mara chache tu, hata ukiibusti itawaka leo na kukusumbua mwezi ujao.

Hesabu yenyewe

Angalia ubavuni mwa betri yako. Utaona namba yenye herufi Ah. Hiyo ni ampea-saa, ichukulie kama lita za tenki. Kirikuu nyingi zinabeba betri ndogo ya NS40, ambayo ni kama Ah 32 hadi 35. N50 ina Ah 50. N70, ambayo utaikuta kwenye pikapu, ina Ah 70.

Kanuni ninayoitumia mimi: gari likiwa limezimwa, usitumie zaidi ya theluthi moja ya Ah za betri. Theluthi mbili ziache kwa ajili ya stata. Kwa betri ya Ah 35, una kama Ah 12 za kuchezea. Kwa N70 una kama 23. Betri ikiwa na miaka miwili au mitatu, kata nusu ya hapo, maana betri ya zamani haibebi tena ilichoandikiwa. Na wenzangu wa Njombe na Makete, asubuhi ya baridi kali betri inatoa nguvu pungufu na injini inakuwa nzito kuzunguka. Ninyi kuwe na tahadhari zaidi.

Kujua kifaa kinakula kiasi gani, chukua wati gawanya kwa 12, unapata ampea. Ampea zidisha kwa saa, unapata Ah ulizotumia.

Usidanganywe na spika iliyoandikwa wati 1000. Hiyo ni namba ya kuuzia. Redio ya kawaida ya gari, bila amplifaya, kwa sauti ya wastani inakula kama ampea 2. Ukiongeza amplifaya na spika kubwa ya besi, kwa sauti ya juu unaweza kufika ampea 10 au zaidi. Taa kubwa za mbele, balbu mbili za wati 55, zinakula ampea 9 peke yake.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Gari lilikaa shambani saa 5. Hivi ndivyo vilivyokuwa vinakula:

- Redio: ampea 2.
- Ufunguo ulikuwa kwenye ON, ile hatua ya mwisho kabla ya kuwasha. Pale dashibodi yote inawaka na mfumo wa moto wa injini unapata umeme bure. Kama ampea 3.
- Milango ilikuwa wazi, taa ya ndani inawaka kutwa: kama nusu ampea.
- Simu mbili za vibarua zilikuwa zinachajiwa kwenye soketi ya kuwashia sigara: kama ampea 1.

Jumla ni ampea 6.5. Zidisha kwa saa 5, unapata Ah 32.5. Betri yenyewe ni ya Ah 35 na ina miaka miwili. Hapo ingewakaje?

Kama ufunguo ungekuwa kwenye ACC, milango imefungwa na vioo vimeshushwa, simu zimechajiwa kwingine, ingebaki redio peke yake: ampea 2 mara saa 5, Ah 10. Muziki uleule, saa zilezile, na betri ikiwa mpya ungebaki ndani ya theluthi. Kwa betri yake ya miaka miwili, saa 3 zingetosha. Kumbe tatizo halikuwa muziki.

Mambo ya kufanya bila kutumia hela

1. Ufunguo uwe ACC, usiwe ON. ACC ni hatua ya kwanza baada ya kuzima, redio inawaka lakini taa za dashibodi hazijawaka. Kwenye magari ya zamani, kuacha ufunguo ON kunapasha pia koili ya moto bila sababu.

2. Funga milango, shusha vioo. Au zima taa ya ndani kwa kitufe chake, iwe haiwaki hata mlango ukiwa wazi.

3. Punguza besi kabla ya kupunguza sauti. Besi ndiyo inayokula umeme mwingi. Shamba lina nafasi wazi, besi inapotelea hewani na wala vibarua hawaisikii vizuri.

4. Chaji simu gari likiwa linatembea. Injini ikiwaka alternata ndiyo inayolipa, siyo betri.

5. Weka alamu ya saa mbili kwenye simu. Ikilia, angalia hali ya betri, kisha amua kama muziki unaendelea.

6. Paki gari likiangalia mteremko, kwenye njia ngumu, kabla ya kupakia. Hata kama betri ni nzima. Siku ya siku utanikumbuka.

Tumia kipimo, usitumie hisia

Nunua kile kimita kidogo cha volti kinachochomekwa kwenye soketi ya kuwashia sigara. Maduka ya vipuri vya gari na ya vifaa vya simu wanavyo, na bei yake ni ndogo. Soma hivi, gari likiwa limezimwa na limepumzika:

- 12.6 au zaidi: betri imejaa.
- 12.4: imebaki kama robo tatu.
- 12.2: imebaki kama nusu.
- 12.0: imebaki kama robo. Hapo uko hatarini.

Ukizima injini sasa hivi namba itakuwa juu kuliko hali halisi. Washa taa kubwa dakika moja, zima, subiri kidogo, kisha soma. Na redio ikiwa inaimba namba inashuka kidogo, hiyo ni kawaida. Sheria ya shambani: ikifika 12.2 zima muziki. Kama betri ni ya zamani, zima kwenye 12.4.

Kimita hichohicho kitakuambia kama alternata ni nzima. Injini ikiwa inawaka inatakiwa kusoma kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikisoma 12 na kitu, betri haichajiwi kabisa. Usimlaumu aliyeweka muziki, peleka gari kwa fundi umeme.

"Si nawasha tu dakika kumi kila saa?"

Nimeulizwa hili mara nyingi. Injini ikiwa saileni, alternata inatoa umeme kidogo, na sehemu yake inaliwa na gari lenyewe. Ah 10 ulizotumia hazirudi kwa dakika kumi. Zinahitaji karibu saa nzima au zaidi ya kutembea barabarani. Halafu petroli inaungua gari limesimama. Kama safari zako ni fupi fupi, shamba hadi kituoni dakika kumi na tano halafu unazima tena na muziki unaendelea, betri inashuka kila siku kidogo. Siku ya nne inakufa, na unasema "jana ilikuwa nzima."

Ukitaka muziki wa kutwa, upe muziki betri yake

Hapa ndipo hela inapoingia, na ninaanza na njia ya bei ndogo.

*Spika ya bluetooth au redio ya sola.* Kwa vibarua sita kwenye ekari mbili, hii inatosha kabisa. Inachajiwa nyumbani usiku, inatundikwa kwenye mti katikati ya shamba, karibu na watu kuliko gari. Vijana wengi wanaona ni kitu kidogo, lakini mimi kwa shamba ndiyo ninayoipendekeza kwanza.

*Paneli ya sola.* Paneli ya wati 50 kwenye jua kali inatoa karibu ampea 3. Ile redio yako ya ampea 2 inabebwa na jua lenyewe. Lazima ipite kwenye chaji kontrola, usiunge paneli moja kwa moja kwenye betri. Na kumbuka gari umelipaki chini ya mwembe. Paneli iliyo kivulini ni bati tu. Iweke juani, vuta waya mpaka kwenye gari. Jambo jingine: ukiunga redio kwenye ule upande wa kontrola wa kutolea umeme, kontrola nyingi za bei ndogo zinakata umeme betri ikishuka mpaka kama 10.7 au 11. Hiyo imepangwa kwa ajili ya betri ya sola. Kwa betri ya kuwashia gari, kufika hapo ni kuchelewa. Kama kontrola yako inaruhusu kubadilisha, iweke ikate kwenye 12.2.

*Betri ya pili.* Hii ni kwa wale mnaouza wenyewe gulioni au mnaozunguka mitaani na kipaza sauti cha "nyanya, vitunguu, karibu mama", gari limesimama nusu siku. Hapo redio, amplifaya na kipaza vyote viunge kwenye betri ya pili, ikiwezekana ya aina ya sola inayostahimili kushuka chaji. Katikati ya betri mbili fundi aweke relei ya kutenganisha. Kazi yake ni hii: injini ikiwaka na volti zikifika kama 13.3 inaziunganisha zichajiwe pamoja, ukizima na volti zikishuka chini ya 12.8 inazitenganisha. Muziki utakula betri yake mpaka iishe na betri ya stata haitaguswa. Fyuzi iwe karibu na kila betri, waya uwe mnene. Betri ya pili usiiweke ndani ya kabini unakokaa, maana betri ikichajiwa inatoa gesi inayoshika moto.

Na neno kwa mafundi wetu wa redio. Redio nyingi za kununua zina waya wa njano wa umeme wa kudumu kwa ajili ya kumbukumbu, na mwekundu unaopitia kwenye ufunguo. Ukimwambia fundi "nataka iwake bila ufunguo", wengi wanasokota njano na nyekundu pamoja. Inafanya kazi, ila siku utakayoisahau kuizima, hata ukiondoka na ufunguo mfukoni itaimba usiku kucha. Mwambie ule mwekundu aupitishe kwenye swichi yake yenye taa ndogo, na fyuzi. Taa ikiwaka, unajua redio inakula.

Ikishakufa, usiongeze hasara

Hapa naomba msome taratibu. Kituoni kuna Fuso, na dereva ana moyo mzuri, anakuambia "lete waya nikubusti." Fuso nyingi zina umeme wa volti 24, gari lako lina 12. Ukiunga hivyo unaweza kuunguza redio, kompyuta ya gari na alternata, na betri inaweza kupasuka. Tafuta gari dogo lenye volti 12, au trekta ambalo umehakikisha ni la volti 12.

Utaratibu wa kubusti:

- Magari yasigusane. Zima vyote, redio ikiwemo.
- Waya mwekundu: kwanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima.
- Waya mweusi: kwanza kwenye hasi ya betri nzima. Ncha ya mwisho usiiweke kwenye betri iliyokufa. Iweke kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi.
- Washa gari zima, subiri dakika tano, kisha jaribu lako.
- Likiwaka, ondoa waya kwa kurudi nyuma, ukianza na ule mweusi wa mwisho. Kisha litembeze.

Kama ni la gia za mkono unaweza kusukuma: ufunguo ON, gia namba 2, klachi chini, likishika mwendo achia klachi. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Na gari la mfumo wa sindano lenye betri iliyokufa kabisa nalo ni gumu, kwa sababu pampu ya mafuta inahitaji umeme.

Kijana wangu wa Ilula bado anaweka muziki. Ana spika moja ya kutundika mtini na kimita cha volti kwenye soketi. Siku za mavuno, kabla ya kupanga tenga la kwanza, ameshageuza gari likiangalia njia. Mara ya mwisho nilipofika kwake, kibarua mmoja alitaka kuchomeka simu kwenye gari.

"Toa hiyo, dogo," akamwambia. "Hapo ndipo nyanya zangu zilipolala."

Haya, vijana. Kabla ya mavuno yajayo someni namba iliyo ubavuni mwa betri zenu, igaweni kwa tatu, muijue. Tukutane wiki ijayo, tutarudi kwenye nyanya zenyewe.